Dizeli ya jerikeni, ya kawaida ya kituo, au ile ghali yenye viungo?

Kijana wa Rongai: Wakuu, nimeagiza gari la dizeli kutoka Japani, nalichukua wiki ijayo. Jirani ana dereva wa lori anayemletea dizeli kwa jerikeni, shilingi 20 chini ya bei ya kituo. Nichukue hiyo, ya kawaida ya kituo, au ile ghali yenye viungo vya kusafisha? Shemeji naye anasema nitie mafuta taa kidogo nozeli za injekta zisafike.

Fundi Nozeli: Gari gani, injini gani, mwaka gani? Lina DPF, kile kichujio cha masizi kwenye eksozi? Bila hayo tunapiga ramli.

Mzee wa Lori: Shemeji mpe chai, funguo usimpe. Mafuta taa ni mepesi na hayana utelezi, na pampu ya komoni reli, ule mfumo wa kisasa wa kulisha injekta kwa shinikizo kubwa, hulainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine inayofika mle. Lori kuukuu ambalo pampu yake inalainishwa na oili ya injini litavumilia. La kisasa halivumilii.

Bi Tangi: Lakini tangu ushuru wa shilingi 18 uwekwe kwa mafuta taa mwaka 2018, faida ya kuyachanganya na dizeli imepungua sana. Jerikeni za siku hizi ni transiti, yaani mafuta ya kupita tu kwenda nchi jirani bila ushuru wa hapa, au zimenyonywa kwenye tangi la mwajiri.

Mzee wa Lori: Faida kupungua si kuisha, dada. Na iwe transiti au ya wizi, kesi ni yako.

Bi Tangi: Sijamwambia anunue, mzee.

Kijana wa Rongai: Samahani, ni Mazda CX-5 ya 2014, 2.2. DPF sijui.

Fundi Nozeli: Inayo. Basi sahau jerikeni. Pampu ikikosa utelezi hukwaruzika, na vumbi la chuma huingia kwenye reli, likapita kwenye injekta, likarudi tangini na mafuta ya marejeo. Asubuhi utapiga stata muda mrefu kabla gari halijawaka. Ukikata filta na kufungua karatasi juani utaona inametameta kama magamba ya omena. Hapo kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa: vumbi lililobaki tangini litaua mpya. Ni pampu, injekta zote nne, filta, reli na mabomba kuoshwa, tangi kushushwa.

Sukari Kidogo: Mimi ni mtu wa kutia oili ya tu-stroku kwenye dizeli. Moja kwa 200, yaani mililita 280 kwa lita 56. Injini inatulia kabisa.

Fundi Nozeli: Kwa gari lisilo na DPF sina neno. Kwa hili, majivu ya oili hubaki kwenye kichujio. Masizi huchomeka, majivu hayachomeki.

Sukari Kidogo: Oili yenye majivu machache ipo, boss.

Bi Tangi: Jibu la swali: ya kawaida, kituo chenye wateja wengi, mafuta yasikae na kunasa maji. Lori likiwa linashusha, pita, takataka za chini zinatibuliwa. Hiyo ghali husaidia nozeli zisishike uchafu, ila salfa ni ile ile ya soko lote: dizeli yetu inaruhusiwa hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), Japani ni 10. Na mwambie mhudumu "dizeli" kwa sauti, kwa sababu nozeli ya petroli ya kituo ni nyembamba na inaingia kwenye tangi la dizeli bila shida. Akikosea, usifungue hata swichi. Tangi limwagwe hapo hapo.

Mzee wa Lori: Kijana, unaendesha wapi? Rongai hadi mjini kwenye foleni ya Lang'ata?

Kijana wa Rongai: Kila siku.

Mzee wa Lori: Hilo litakusumbua kuliko mafuta. DPF ikianza kuchoma masizi yake kisha ukazima gari, dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Kagua kijiti cha oili kila wiki. Oili ikipanda hadi alama ya X, mwaga. Weka DL-1, daraja la oili yenye majivu machache kwa injini zenye DPF, si oili yoyote ya dizeli. Na wikendi lipeleke Thika Road dakika 20 au 30 bila kusimama.

Kijana wa Rongai: Jirani anaapa yake haina harufu ya taa. Nikinunua haidromita, kile kipimo cha uzito wa mafuta?

Bi Tangi: Dizeli safi ni kama kilo 0.82 hadi 0.86 kwa lita, kwa nyuzi 15. Kwa nyuzi 25 ongeza 0.007 kwenye unachosoma. Ikishuka chini ya 0.82, kuna kitu. Ila transiti ni dizeli kamili, haidromita haitaiona. Inaonekana kwa alama ya kemikali tu.

Sukari Kidogo: Kwa hiyo inaweza kuwa safi!

Fundi Nozeli: Na jerikeni yenyewe ilibeba nini jana?

Kijana wa Rongai: Hiyo X iko wapi kwenye kijiti?

Mzee wa Lori: Juu ya F, alama ya kujaa.