Albamu 13 za William Byrd: kulikuwa na haja ya kurekodi zote?

Tena_wa_Pili: Wadau, naleta mada. Kundi la Uingereza, The Cardinall's Musick la Andrew Carwood, lilirekodi muziki wote wa kanisa ambao Byrd, mtunzi Mwingereza wa enzi za Malkia Elizabeth I, aliutunga kwa Kilatini. Albamu 13, na ya mwisho ikachaguliwa na jarida la Gramophone kuwa rekodi bora ya mwaka 2010. Nimezisikiliza. Kwa maoni yangu misa zake tatu na moteti chache (nyimbo za kwaya za Kilatini) zingetosha. Miaka yote hiyo na fedha zile wangempa mtunzi ambaye hajawahi kurekodiwa hata mara moja. Halafu Byrd mwenyewe alikuwa ndumilakuwili: nyumbani Mkatoliki, kazini anamwimbia malkia Mprotestanti. Mnasemaje?

Besi_wa_Parokia: Mkuu, hapo kwenye ndumilakuwili umenigusa pabaya. Mtu alitozwa faini kwa kukataa kwenda kwenye ibada ya Kianglikana! Misa zake zilichapwa miaka ya 1590 bila ukurasa wa jina wala mwaka, kwa sababu ilikuwa hatari: misa ya Kikatoliki ilipigwa marufuku. Mwaka 1605 mgeni mmoja alikutwa London na kitabu chake cha Gradualia, mkusanyo wa nyimbo za misa za sikukuu, akatiwa ndani. Wewe umekaa kwenye kochi na spika zako unamwita hivyo?

MamaAlto: Naomba turudi kwenye mada. Mtoa mada, Gradualia ya 1605 na ya 1607 imepangwa kwa mwaka mzima wa liturujia. Kipande kimoja kinatumika katika sikukuu zaidi ya moja: unakata Aleluya hapa, unaiunga kule. Ukichagua kumi unazozipenda, umeuvunja mpango wa mtunzi. Kwa kitabu hicho pekee, kurekodi zote ndiyo njia ya kukielewa.

Mlutheri_Kindakindaki: Besi, punguza jazba. Huyo unayesema aliteswa, malkia huyohuyo alimpa yeye na mtunzi mwenzake Thomas Tallis hodhi (haki ya pekee) ya kuchapa muziki mwaka 1575, miaka 21. Anayeteswa hupewa hodhi? Na alitunga Great Service, muziki wa ibada, kwa ajili ya Waanglikana, kwa Kiingereza, kazi kubwa kweli. Haimo kwenye hizo albamu 13. Basi msituambie “kazi zote”.

Tena_wa_Pili: Nilisema za Kilatini. Soma vizuri.

Besi_wa_Parokia: Na Tallis je? Alitumikia Henry VIII, Edward VI, Mary na Elizabeth, dini ikigeuzwa kila mara. Naye ndumilakuwili? Mtu ana familia, ana kipaji, na hana pa kukimbilia. Byrd alihamia Stondon Massey, Essex, karibu na akina Petre, Wakatoliki wenzake, ili apate pa kusalia. Huko ni kushika imani.

Kinanda_cha_Mjini: Mnagombania madhehebu, na albamu za mwisho zilirekodiwa Fitzalan Chapel kule Arundel, jengo ambalo upande mmoja ni wa Wakatoliki na upande wa pili ni parokia ya Kianglikana, katikati vyuma na kioo. Mimi kinachonikera ni sauti ya juu kuimbwa na wanawake. Muziki ule ni wa wavulana. Sauti ya mwanamke inautia ulimbwende usiotakiwa.

MamaAlto: Ulimbwende? Kaka, misa za Byrd ziliimbwa kwa siri majumbani. Padre William Weston, Mjesuiti, alieleza siku alizokaa mwaka 1586 katika nyumba ya Mkatoliki, Byrd akiwepo, na waimbaji wa nyumba ile walikuwa wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo mwanamke alikuwemo tangu mwanzo. Wavulana ni wa kule kwa malkia.

Mlutheri_Kindakindaki: Hapo Mama amekubana.

Kinanda_cha_Mjini: Nyumba moja haithibitishi kitu. Sikilizeni kwaya ya Westminster Cathedral, kanisa kuu la Wakatoliki London, ikiimba misa zote tatu, wavulana wenyewe, halafu mje.

Tena_wa_Pili: Nimesikiliza. Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu) ya misa ya sauti nne, pale “dona nobis pacem”, utujalie amani: sauti moja inang'ang'ania noti yake, nyingine inakuja kuigonga, ya kwanza inashuka, inaanza nyingine, mpaka unaona hawa watu wanaomba amani ambayo hawana. Wavulana wanapapita haraka. Wanawake wa Carwood wanaiacha noti iume kwanza.

Kinanda_cha_Mjini: Hiyo ni kasi ya kiongozi, haihusiani na nani anaimba.

MamaAlto: Basi na “ulimbwende” nao ni wa kiongozi. Chagua moja. Na bado nasubiri mtu ajibu kuhusu Gradualia.

Besi_wa_Parokia: Kinanda, kwaya yako ina sauti ya kwanza wangapi, na wangapi kati yao ni wavulana?