Silingi ya vinundu nyumba ya 1972, tukwangue au tufunike?

BintiMoro
Wakuu habari zenu. Tuko Columbus, Ohio, tumehamia nyumba ya mwaka 1972 na vyumba vyote mpaka kordo silingi ni ile ya vinundu vya kupulizwa kama bisi, imegeuka njano, buibui ndo usiseme, ukipitisha ufagio unga unadondokea kwenye kochi. Fundi anasema atakwangua nyumba nzima kavukavu kwa siku moja, anafagia anaondoka. Mume wangu anataka aanze Jumamosi, mie roho inasita maana tuna mtoto anatambaa. Mwenye uzoefu anisaidie.

FundiRangiHouston
Dada msimruhusu kabisa. Kwanza pimeni asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yanachanganywa kwenye silingi kama hizi. Marekani walipiga marufuku kuipuliza kwenye silingi za urembo mwaka 1978 ila stoku iliyobaki iliendelea kutumika, ndo maana hata nyumba ya 1982 mimi sigusi bila kupima. Zima AC na feni, vaa barakoa nzuri, pulizia maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, toa kama kijiko cha chai mpaka kwenye bodi, funga kwenye mfuko peleka maabara, na toa sehemu kadhaa sio moja. Wakikuta zaidi ya asilimia 1 hiyo kazi sio yetu wapaka rangi, ni ya wenye leseni ya asbesto. Ikiwa safi tunatandika nailoni chini na ukutani, tunalowesha, robo saa hivi inalainika inatoka na skrepa pana bila vumbi. Je imewahi kupakwa rangi?

BintiMoro
Ndio, pembeni rangi inabanduka kabisa

BabaT_Leicester
Pole dada. Huku Uingereza tunazo pia, tunaziita Artex, plasta ya urembo ya silingi, za mpaka katikati ya miaka ya 80 nyingi zina asbesto. Ikitulia bila kuguswa haina shida, shida ni vumbi, zile nyuzi huzioni kwa macho na ugonjwa wa mapafu unakuja kujitokeza hata miaka 20 au 40 baadaye, mtu ameshasahau. Sisi yetu ilikuwa nzima tukaifunika kwa jipsamu bodi, ikapigwa skimu, yaani plasta nyembamba ya kulainisha, ukiingia hujui kama kulikuwa na kitu. Ila yako inadondosha unga, hata wa kufunika awe anayejua asbesto maana skrubu nazo zinatoboa.

FundiRangiHouston
Nakubaliana na baba T. Tena kama imepakwa rangi maji hayaingii vizuri, kukwangua ni mateso, kufunika ndo nafuu. Na rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi (lead) ambayo ni sumu, mtoto anayetambaa anaokota vipande anaweka mdomoni, kwahiyo hiyo nayo pimeni. Mwambie shemeji Jumamosi iwe ya kuchukua sampuli tu. Kwa sasa ufagio usiguse silingi, na huo unga usifagie wala usipitishe vakyumu ya kawaida, futa na kitambaa kibichi, kifunge kwenye mfuko utupe, na mtoto asilale chumba kinachodondosha.