Skripti ya bekapu: kwa mkono inakwenda, kroni inatoa faili la baiti 20

Swali
Assalaam alaykum. Seva ya Ubuntu, ofisi iko Chake Chake, ndani mna hesabu za karafuu kwenye XAMPP (kifurushi cha seva ya wavuti na hifadhidata). Crontab (orodha ya kazi za kroni, programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa) ya mtumiaji wa kawaida:

`0 2 * * * /home/hesabu/bekapu.sh`

Skripti yenyewe, mysqldump itoe nakala ya hifadhidata na gzip iibane:

`mysqldump karafuu | gzip > /bekapu/karafuu.sql.gz`

Kwa mkono faili linatoka zima. Kwa kroni linatoka la baiti 20, tena saa kumi na moja alfajiri badala ya saa nane usiku. Ruhusa zote zipo.

Jibu 1
Waalaykum salaam. Hizo baiti 20 zinajieleza: ndio ukubwa wa gzip iliyofunga patupu. mysqldump haikuendeshwa kabisa. Kroni haisomi .bashrc yako (faili la mipangilio ya mtumiaji), PATH yake (orodha ya folda inamotafuta programu) ni `/usr/bin:/bin` basi, na XAMPP huweka programu zake `/opt/lampp/bin`. Gzip ikapokea hewa, ikaifunga, ikarudisha 0 kana kwamba mambo shwari. Andika njia kamili:

```
#!/bin/bash
set -o pipefail
/opt/lampp/bin/mysqldump karafuu | gzip > /bekapu/karafuu.sql.gz
```

Bila ya pipefail, inayofanya kosa la amri yoyote kwenye mfululizo lihesabiwe, kosa la mysqldump hulijui. Mwisho wa mstari wa crontab ongeza `>> /home/hesabu/bekapu.log 2>&1`, maana kroni hutuma makosa kwa barua ya ndani, na seva isiyo na programu ya barua huyapoteza. Usingoje usiku kujaribu; iga mazingira matupu ya kroni:

`env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c /home/hesabu/bekapu.sh`

Usiihamishie crontab ya root (msimamizi mkuu) ukidhani ndiyo dawa. HOME (folda ya nyumbani) itakuwa /root, na nywila ya hifadhidata iliyomo kwenye faili lako la .my.cnf haitasomwa.

Jibu 2
Saa umeandika sawa, ila seva inakwenda kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi tumeizidi saa tatu.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo systemctl restart cron`

Hiyo ya pili watu huisahau, kroni ikabaki na saa za zamani. Na umeme ukikatika saa nane, kroni hailipi deni; kwa Pemba bora taima ya systemd (mwendeshaji wa huduma za Linux) yenye `Persistent=true`, huifanya kazi iliyopitwa seva ikiwaka.

Muulizaji
Logi imesema vilevile, mysqldump haionekani. Njia kamili imetibu. Sasa nimeongeza `$(date +%F)` kwenye mstari wa crontab ili logi iwe na tarehe, kazi haiendi tena.

Jibu 1
Ndani ya crontab, alama ya % ni mwisho wa amri; kinachofuata hakisomwi kama amri. Andika `\%F`, au ihamishie tarehe ndani ya skripti, huko % haina neno.