UTI moja, dozi nne, na hakuna aliyefikiria kuotesha mkojo wangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Toka mwezi wa tatu nakojoa moto. Zahanati ya kwanza wamechovya kijiti kwenye mkojo, dakika mbili tu: "Una UTI, dada." Septrini. Siku nne nikapoa, ikarudi. Duka la dawa wakanipa sipro. Hela ya dozi nzima sikuwa nayo, muuzaji akachukua mkasi akanikatia vidonge sita, hakuuliza hata swali moja. Ikarudi. Amoksilini, ikarudi. Zahanati nyingine wakanichoma seftriaksoni siku tano mfululizo, kukaa nikawa siwezi. Ikarudi! Halafu nesi ananiambia mbele za watu, "Mwambie mumeo atulie."

Jamani, njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 hivi. Bakteria wa utumbo wake mwenyewe wanafika kwenye kibofu kirahisi. Mume wangu anaingiaje hapo?

Wiki iliyopita ndio nimekutana na daktari mmoja mama, akasema tuoteshe, yaani mkojo uwekwe maabara bakteria wakue, kisha wajaribiwe ni dawa ipi inawaua. Sh 25,000, majibu siku ya tatu. Karatasi imeandikwa E. coli, bakteria wa utumbo, chini yake orodha ya dawa na herufi: R imegoma, S inaua. Septrini R. Amoksilini R. Sipro R. Seftriaksoni R. Nilikaa kwenye benchi nikalia. Nitrofurantoini ndiyo iliyokuwa S, vidonge vya siku tano, na mkojo sasa unatoka bila maumivu. Dawa hiyo WHO wanaitaja miongoni mwa za kuanzia kwa kibofu, wakati sipro na seftriaksoni wameziweka kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Kwa nini kwetu mambo yamegeuzwa?

Na wala sio mimi peke yangu. Watafiti waliwapima watu wenye dalili za UTI Kenya, Tanzania na Uganda: walipootesha, kama theluthi moja tu ndio walikutwa na bakteria, na karibu nusu ya bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Hao ambao hawakukutwa na bakteria wanamezeshwa antibayotiki za nini?

Msiniite "mgonjwa sugu". Sugu ni bakteria, na mmemfuga nyinyi kwa mkasi wenu.

Mnaojua maabara zinazootesha mkojo huku Mbagala na Temeke, wekeni hapa na bei zake. Kuna dada zangu wawili wako kwenye sindano ya tatu.