Mjadala: Meza ya dirishani ibaki tupu na mwanafunzi asimame?

Rafu ya Chini (mwenye mada)

Wadau, habari za asubuhi. Nafanya kazi kwenye maktaba moja ya umma huku Mbeya. Niruhusuni nisiitaje, maana swali lenyewe si la jengo lile peke yake, na bosi wangu naye hupita humu.

Chumba chetu cha wakubwa kina viti 36. Tunafungua saa mbili na nusu. Kuanzia Septemba mpaka kidato cha nne wamalize mtihani wao Novemba, saa tatu haijagonga viti vimeshachukuliwa. Wengi ni wanafunzi na watahiniwa binafsi, kila mmoja na begi, madaftari na chupa ya maji. Jumanne iliyopita nilizunguka kati ya meza nikijifanya nakagua taa. Viti vyote vilikuwa vimechukuliwa. Waliokuwa na kitabu chetu mbele yao walikuwa 4, na mmoja wao alikuwa amekilalia usingizi.

Hayo nimeshayazoea. Kilichonichoma kilitokea saa nne. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, huja Jumanne kusoma magazeti ya wiki nzima kwa mpigo. Siku hiyo aliomba pia Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, kwa sababu mahesabu ya pensheni yake hayamwingii akilini. Nikamtolea. Akazungusha macho, kiti hakuna. Akasoma kasimama, bega kaliegemeza kwenye rafu ya 340 (namba ya vitabu vya sheria), miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine sheria. Hakuna kijana aliyeinua kichwa. Baada ya dakika kumi hivi akanirudishia kaunta: "Nitapita siku nyingine, mwanangu." Nikabaki na muhuri mkononi.

Kesho yake nikaichukua meza ya dirishani, ile ya watu 6, nikabandika karatasi: MEZA HII NI YA WANAOSOMA VITABU NA MAGAZETI YA MAKTABA. Mpaka saa tano alikuwa amekaa mtu mmoja. Viti vitano vitupu, huku wanafunzi 7 wamejipanga kwenye korido wanasoma wima. Mama mmoja aliyemleta mwanawe akanijia juu mbele ya watu wote.

Nimekosea? Karatasi bado ipo. Matusi yawe ya wastani.

Mama wa Ilomba

Aliyekujia juu si mimi, ila ningekuwepo tungekuwa wawili.

Nikueleze nyumba yangu. Vyumba viwili, watu sita, na jirani ana saluni yenye spika inayoanza kupiga saa tatu asubuhi mpaka usiku. Binti yangu anaondoka saa moja ili awahi mlango wenu. Nauli ya kwenda na kurudi natoa mimi, mchana anajikimu na hindi la kuchoma. Akishafika unamuuliza kitabu kiko wapi? Cha fizikia shuleni wanatumia watatu. Zamu yake ikifika anakaa nacho usiku mmoja anakinakili. Hilo daftari unaloliona mezani ndiyo kitabu chenyewe, kwa mkono wake. Kosa lake ni kwamba halina muhuri wenu?

Mzee wa watu nimemhurumia. Lakini kiti kitupu mbele ya mtoto aliyesimama, hapana. Hata kwenye msiba hatufanyi hivyo.

Mpita Njia

Mkuu hapo umechemka. Aliyewahi kawahi. Kwenye daladala kuna kiti kinawekwa cha mzee?

Rafu ya Chini

@Mpita Njia kwenye daladala hakihitaji kuwekwa, mzee akipanda mtu anampisha.

Chaki Nyeupe

Nami ni mstaafu, ingawa siyo huyo wa Jumanne. Mwenye mada, usiibandue karatasi yako.

Vijana mnaongea kana kwamba maktaba za umma zilianzishwa ili watu wadurusu mtihani. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba nchi hii ni ya 1963, tukiwa na miaka miwili tu ya uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam 1967. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Unganisha hayo. Mlengwa alikuwa pia mkulima, karani, fundi, mama aliyetoka darasa la kisomo na sasa anatafuta cha kusoma ili asisahau herufi. Maktaba ya wanafunzi ilitakiwa iwe shuleni. Kwa kuwa nyingi hazina, mzigo wa shule umehamia kwenu, na aliyesogezwa nje ni mtu mzima.

Kingine hamkioni kwa sababu hakipigi kelele. Mtu mzima akikosa kiti mara mbili harudi tena, wala halalamiki. Anaenda zake kukaa kijiweni. Mwanafunzi ana mama wa kumsemea, kama tulivyosoma hapo juu (pole dada, sikushambulii). Yule mzee kasema "nitapita siku nyingine" na mkatengana. Mwisho wa mwezi ripoti inahesabu vichwa vilivyoingia mlangoni. Ukumbi umejaa, kila mtu anapongezana. Vitabu vilivyofunguliwa ni vingapi? Kimya.

Mpita Njia

Mzee shikamoo. Hapo kwenye ripoti sina jibu.

Kamwene Iringa

Kamweneni. Mimi ni mkutubi pia, upande wa Iringa. Mwenzangu nakuunga mkono nusu.

Kabla ya kubandika karatasi ungehesabu vizuri. Tulichofanya sisi ni hiki: boksi la katoni juu ya kila meza, limeandikwa "Ukimaliza kitabu usirudishe rafuni, weka humu." Jioni tunavipanga kwa namba za mgongoni kabla ya kuvirudisha, na tunaandika. Wiki mbili zinatosha. Nilidhani nitakuta 800, riwaya na tamthiliya. Vilivyojaa vilikuwa kamusi na 630, kilimo: parachichi, kuku, magonjwa ya viazi. Hawa watu sikuwa nawaona kabisa, kwa sababu hawakai. Anaingia saa saba na buti zina tope, anatafuta ukurasa mmoja wa dawa ya ukungu, anapiga picha kwa simu, huyo. Kwenye kadi za kuazima hayumo. Kwenye viti hayumo.

Sasa turudi kwako. Karatasi yako inampima mtu kwa anachosoma, na hapo ndipo unapogombana na mama wa watu, maana hana kosa, daftari ni kusoma. Pima kwa muda. Meza ya nusu saa. Akae yeyote, wa gazeti, wa daftari, wa kuku, ila akitokea anayesubiri na nusu saa yako imeisha, unapisha. Anayedurusu siku nzima hataitaka meza hiyo, ataenda nyingine mwenyewe. Mzee wako atakuta nafasi.

Na kwa wanaosema usawa ni aliyewahi kawahi: ilani ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) kuhusu maktaba za umma, ile ya 1994 na hii mpya ya 2022, inasema huduma ni kwa wote kwa usawa bila kujali umri, na papo hapo inataka huduma mahsusi kwa wale ambao kwa sababu yoyote hawawezi kutumia huduma ya kawaida. Mtu wa fimbo hawezi kupanga foleni ya saa mbili na nusu na watoto wa miaka 17. Kiti cha kumsubiri si upendeleo.

Nyongeza kidogo kwa wenye kompyuta hata moja: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomwa humo bure. Weka alama yake pale kwenye skrini ya mwanzo, mwanafunzi asianze kukuuliza. Mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024, na sehemu kubwa ya kilichopo kwenye rafu zetu ni cha kabla ya hapo.

Chaki Nyeupe

Nusu saa kwa mzee anayesoma sheria ya pensheni? Mimi ukurasa wa tafsiri za maneno peke yake unanila dakika ishirini.

Kamwene Iringa

Mzee wangu, nusu saa inaanza kuhesabika pale tu mtu anaposubiri. Hakuna anayesubiri, soma mpaka jioni.

Kidato Cha Nne

Shikamooni wote. Niliposoma "meza ya dirishani" nimeijua. Mimi ni mmoja wa wale saba wa kwenye korido.

Kwanza niseme kuhusu vitabu. Mwezi wa tatu niliazima cha biolojia. Mchoro wa moyo umekatwa kwa wembe, pamebaki dirisha unaona ukurasa wa nyuma. Cha kemia maswali yote yamejibiwa kwa kalamu na mtu ambaye, samahani, hakuwa anajua kemia. Tukija na madaftari siyo dharau.

Pili, naomba mwenye mada usikasirike. Jumanne ile ya mzee, viti havikuwa na watu 36. Vitatu vilikuwa na mabegi tu. Kimoja begi langu. Tunawahi, tunashikiana nafasi, halafu tunatoka. Saa nne tulikuwa nje kwa yule mama wa mihogo. Sikujua kama kuna mtu alisimama. Ningejua ningetoa.

Mama wa Ilomba

Mungu wangu.

Rafu ya Chini

Nimeisoma hii mara mbili. Niliandika hapo juu kwamba viti vyote "vilikuwa vimechukuliwa", na niliandika hivyo kwa sababu nilihesabu vitu vilivyokuwa mezani. Begi nikalihesabu mtu. Mzee Chaki anatusema kwa kuhesabu vichwa, kumbe mimi hata kichwa sikukihesabu.

Kijana, marahaba, na sijakasirika. Kitabu cha biolojia kilete kaunta nikitoe kwenye rafu, kinatutia aibu sote.

Karatasi ya kwanza nimeibandua leo saa sita. Nimeandika nyingine: MEZA YA NUSU SAA. Viti vinne, siyo sita, viwili nimevirudisha kundini. Kimoja kati ya hivyo vinne nimekisogeza karibu na rafu ya magazeti, na hicho nakiri kabisa kwamba namwekea mzee. Anayetaka kunishitaki anajua nilipo. Na kwenye meza zote: begi lisilo na mwenyewe kwa robo saa linahamia kaunta, linapewa namba, kiti kinapata mtu. Boksi za katoni nimeziomba duka la jirani, zimefika tatu, moja bado inanuka sabuni.

Kamwene, ndaga fijo, asante sana.

Mpita Njia

Na wa korido je? Ukitoa mabegi yote na hiyo meza, wale saba hawaenei.

Rafu ya Chini

Hawaenei. Leo waliingia watatu, wanne wamebaki wima. Hapo sina dawa, na kusema "leteni viti vingine" ni rahisi kwa asiyekijua chumba. Ukiongeza kiti cha 37 mlango haufunguki.

Chaki Nyeupe

Shule za jirani zifungue madarasa Jumamosi na mchana baada ya vipindi. Mwalimu mmoja wa zamu, basi. Umeme upo, madawati yapo, yanalala.

Mama wa Ilomba

Hilo la madarasa mzee wangu naliunga mkono kwa mikono miwili, nitalisema kwenye kikao cha wazazi. Lakini nirudi kwenye robo saa. Choo chenu kina foleni, binti kaniambia. Mtoto akibanwa, akaenda akakuta watu watano mbele, akirudi begi liko kaunta na kiti kina mtu. Hiyo nayo ni haki?

Rafu ya Chini

Akiniaga namlindia, mama. Wa mihogo simlindii.