Naomba ushauri: chumba baridi cha samaki na gesi ya R-22
Assalamu alaykum, waungwana. Ninasimamia chumba baridi cha samaki hapa Malindi, na mtambo wake bado unatumia R-22, gesi ya kupozea inayoharibu tabaka la ozoni angani, ambayo kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zinapaswa kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Tumeziba mivujo mara mbili, lakini gesi hupungua tena, na kila tukiiongeza moyo huniuma. Fundi alipendekeza amonia, ila huila shaba, na mabomba yetu yote ni ya shaba. Propani nayo hushika moto. Je, nibadilishe mtambo mzima sasa, au kuna gesi salama inayofaa mabomba haya? Na hii iliyomo itolewe vipi bila kuachiliwa hewani?