Mtoto wa mbwa anakojoa ndani, nasi tunashinda kazini: tumfundishe vipi?

Mkazi wa Kimara (muuliza swali)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Kimara, Dar es Salaam, katika nyumba ndogo ya kupanga yenye uzio, ambayo uani kwake ni sakafu ya saruji tupu isipokuwa ukanda mwembamba wa ukoka kando ya ukuta. Wiki mbili zilizopita tulimchukua mtoto wa mbwa, dume, ambaye sasa ana wiki 10. Tulimtaka kwa sababu wezi walikwisha kutuingilia mara moja, tukaona akikua atatulinda, lakini kwa kweli sasa tunampenda kuliko tulivyotarajia, na ndiyo maana jambo hili linaniumiza.

Sote wawili tunatoka saa 11 na nusu alfajiri ili kuwahi foleni ya Barabara ya Morogoro, na mara nyingi tunarudi saa 1 usiku. Hatuna dada wa kazi. Mbwa tunamwacha sebuleni, kwa kuwa uani jua ni kali na bado hatujamjengea banda. Tukifungua mlango jioni tunakuta madimbwi matatu au manne ya mkojo, nyayo zake ndogo zimetapakaa kwenye vigae hadi jikoni, kinyesi nyuma ya mtungi wa gesi, na mwenyewe amejikunja chini ya meza, mkia ameuficha katikati ya miguu. Mume wangu anasema hiyo ni dalili kwamba analijua kosa lake. Jirani mmoja alinishauri nimshike kichwa na kuisugua pua yake kwenye mkojo. Nilifanya hivyo mara moja tu, akatetemeka mpaka akakojoa tena mikononi mwangu, nami sijarudia. Isitoshe, hukojoa kila mume wangu anapomwinamia kumsalimu.

Naomba kujua kama inawezekana kumfundisha mbwa kujisaidia nje ilhali wenye nyumba hawapo mchana kutwa, au tumrudishe alikotoka kabla hajatuzoea zaidi.

Mfugaji wa Arusha

Dada yangu, usimrudishe. Nimelea watoto wa mbwa kwa miaka mingi nikiwa mwajiriwa wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, na ninakuhakikishia kwamba inawezekana, ingawa itachukua miezi na si siku.

Kwanza tumwondolee lawama asiyostahili. Kibofu cha mtoto wa mbwa ni kidogo, na misuli inayokifunga bado haijakomaa. Wafugaji wengi hukisia hivi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, utapata idadi ya saa anazoweza kujizuia mchana. Wa kwako ana miezi miwili na kitu, kwa hiyo saa 3 ndiyo mwisho wake, na hizo ni saa za utulivu, kwani akicheza au akitoka kula hata nusu saa ni nyingi. Ninyi mnamwacha saa 13 na zaidi. Hata angekuwa na akili kuliko mbwa wote wa Kimara, asingeweza. Wengi huanza kujimudu vizuri wakiwa na miezi minne hadi sita.

Kuhusu kujikunja chini ya meza, namwomba shemeji anisamehe, lakini hapo sikubaliani naye. Mbwa haunganishi mkojo alioutoa saa 4 asubuhi na hasira anayoiona saa 1 usiku. Anachokisoma ni uso wenu, sauti yenu na namna mlivyosimama mlangoni. Ameshajifunza kwamba mkiingia huku sakafu ina maji, mambo huharibika, basi anajihami mapema. Ukimsugua pua anajifunza jambo moja tu, kwamba kujisaidia mbele yako ni hatari, na tangu hapo atatafuta nyuma ya mtungi wa gesi. Baadaye utampeleka kwenye ukoka, utasimama naye robo saa nzima asitoe hata tone, kisha mkirudi ndani atajificha ajisaidie. Nimewaona wengi walioharibiwa hivyo, na kuwarekebisha ni kazi ngumu kuliko kuwafundisha upya.

Sasa tuje kwenye mchana wenu. Lililo bora ni kupata mtu wa kumfungulia mara mbili, tuseme saa 4 na saa 8, dakika kumi kila mara. Iwapo mtu huyo hapatikani, basi kubalini kwamba atajisaidia ndani, ila mahali mtakapochagua ninyi. Msimwachie sebule nzima. Mzungushieni kona moja, kwa ubao au kwa meza iliyolazwa ubavu, mahali penye kivuli na hewa, isiyo finyu kiasi cha kumbana wala pana kiasi cha kupotea. Upande mmoja wekeni godoro lake na maji, upande wa pili, mbali iwezekanavyo, wekeni beseni pana la plastiki lililokatwa ukingo ili aingie bila kuruka, na ndani yake kipande cha ukoka uliochimbwa pamoja na udongo wake. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo atavuka kwenda upande ule.

Nasisitiza ukoka badala ya magazeti. Mtoto wa mbwa huzoea kile anachokikanyaga wakati wa kujisaidia, na mazoea hayo hukaa. Aliyefundishwa kwenye gazeti, kesho atatafuta zulia, mkeka au nguo iliyoanguka, kwa kuwa vyote hivyo miguuni mwake vinafanana. Aliyezoea majani atatafuta majani. Badilisheni kipande hicho kila baada ya siku mbili tatu, lakini bakizeni donge dogo la udongo wa zamani, ili harufu imkumbushe. Kumfungia kwenye kizimba kidogo mchana kutwa ni kosa jingine: atalazimika kujichafulia pale alalapo, na akishazoea kulala juu ya mkojo wake mtakuwa mmempokonya ule usafi wa asili ambao ndio msingi wa mafunzo yote.

Saa mlizo nyumbani ndizo za kufundishia. Mtoeni mara anapoamka, robo saa hadi nusu saa baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Mpelekeni palepale kila siku, simameni kimya, msicheze naye. Mtazameni kwa makini: ataanza kunusa chini, atazunguka mara mbili tatu, mgongo utapinda, nyuma itashuka. Amalizapo, hapohapo, kabla hajapiga hatua mbili, msifuni kwa sauti laini na mpeni kipande cha nyama kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Zawadi ikitolewa mkisharudi ndani, atadhani amepewa kwa kurudi ndani.

Lile la kumkojolea shemeji miguuni ni jambo tofauti kabisa. Ni unyenyekevu wa mbwa mdogo mbele ya mkubwa, na huzidi kila anapokaripiwa. Shemeji aingie bila kumtazama, asubiri atulie, kisha achutame kando na amkune kifuani badala ya kumwinamia kichwani. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Aliyetangulia ameeleza vizuri. Naongeza machache ya kiafya.

Mtoto wa mbwa wa wiki 10 bado hajamaliza chanjo. Chanjo dhidi ya parvo (ugonjwa wa kuhara na kutapika) na distempa (ugonjwa wa mapafu na mishipa ya fahamu), yote ya virusi, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi 3. Kirusi cha parvo hudumu katika udongo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo ukoka wa beseni uchimbeni ndani ya uzio wenu, mahali ambapo mbwa wa mitaani hawafiki, na kwa sasa msimpeleke kujisaidia barabarani.

Apewe dawa ya minyoo kila baada ya wiki 2 hadi atimize wiki 12. Hili linahusu nyumba nzima, kwa sababu mabuu ya safura ya mbwa yaliyo kwenye udongo wenye kinyesi huweza kupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku na kuchora mistari inayowasha. Kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo.

Mkimwona anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone machache, analia akikojoa, au mkojo una damu, hayo si mafunzo tena bali ni ugonjwa, mpelekeni akatibiwe. Angalieni pia chakula. Wengi huwapa ugali na dagaa, na dagaa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mbwa anayekula chumvi nyingi hunywa maji mengi na hukojoa mengi. Kamwe msimnyime maji mchana ili asikojoe, hasa kwa joto la Dar es Salaam. Mpeni chakula kwa saa maalumu, mara tatu kwa siku mkiweza, nanyi mtaanza kujua saa ya haja kubwa.

Usafi: msitumie dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya mkojo na itamwita arudi. Jiki nayo isimwagwe juu ya mkojo mbichi, kwani hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Kausheni kwanza kwa kitambaa, osheni kwa sabuni na maji, kisha pitisheni siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sugueni kwa mswaki wa zamani ile mistari ya saruji kati ya vigae, maana huko ndiko mkojo unakojificha. Sakafu yaweza kung'aa huku mistari ikinuka.

Mwenyeji wa Tanga

Nachangia kuhusu mtu wa kufungua mlango mchana. Kabla ya kumwomba jirani, muulizeni kwanza kama yuko radhi kuwa karibu na mbwa. Sisi Waislamu wa pwani, ambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, tukiguswa na mate ya mbwa tunalazimika kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, na mtu anaweza kukukubalia kwa haya tu huku moyoni anataabika. Mimi nilimsaidia jirani yangu Mkristo kwa miezi mitatu bila kumgusa mbwa hata mara moja. Alifunga kamba kwenye komeo, nikawa navuta kutoka upande wa nje, mbwa anatoka mwenyewe uani, nami nahesabu dakika kumi na kumwita arudi. Ujirani wetu uliongezeka.

Mkazi wa Kimara (muuliza swali)

Narudi baada ya wiki tano, kwa shukrani nyingi. Mzee mstaafu wa nyumba ya pili amekubali kumfungulia saa 5, na beseni la ukoka linamalizia mchana uliobaki. Wiki ya kwanza mbwa alilala ndani ya beseni na kukojoa kwenye godoro, nikakaribia kukata tamaa. Tulipofua godoro kwa siki na kulisogeza hadi ukutani, akabadilika. Mume wangu siku hizi anachutama mlangoni na funguo bado mkononi, na zimepita siku kumi bila mbwa kumkojolea. Juzi usiku, tukila, aliacha kutafuna mfupa, akaenda akakaa mbele ya mlango akitutazama. Tuliacha wali mezani, tukatoka naye sote wawili.

Nimebaki na swali moja. Lile beseni tuliondoe lini?

Mfugaji wa Arusha

Msiliondoe kwa siku moja. Lisogezeni kuelekea mlango wa uani, shubiri moja kila siku, na akikosea rudini hatua mbili nyuma. Likifika kizingitini, litoeni nje na kuliweka juu ya ukanda wenu wa ukoka kwa wiki moja, kisha mkung'ute udongo wake palepale. Ila mchana, mpaka atimize miezi sita, mzee aendelee kumfungulia.